Chupa za Saa Kumi na Moja

Jina la Bi Daftari alipewa na shemeji yake mwenyewe, mume wa mdogo wake, na kabla mwaka haujaisha hospitali nzima ilikuwa imelisahau lile alilopewa na wazazi. Hakununa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, miwani yake ina kamba, na tangu alipoajiriwa kuandika na kutunza programu za kompyuta za pale hakuwahi kugusa kitu bila kukiandika. Madaftari yake yalikuwa ya jalada gumu, na kila badiliko lilikuwa na namba, tarehe na sababu. Alikuwa amefika la kumi na tisa. Ukimuuliza kwa nini dirisha la wagonjwa wa nje linachapa lebo zenye herufi kubwa hivyo, atalamba kidole, atafungua la kumi na nne, atapekua bila haraka, kisha atakujibu: kwa sababu muuguzi mmoja alivunja miwani akakaa wiki mbili bila nyingine, na ilipopatikana nyingine herufi zilikuwa zimeshazoeleka.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na dirisha moja, meza moja, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na chini ya meza maboksi ya vifaa ambayo aliyafanya kibago cha kuwekea miguu, kwa sababu kiti kilikuwa kirefu kuliko yeye.

Shemeji yake alifanya kazi ghorofa ya chini. Alikuwa mpokezi wa sampuli maabara: chupa ndogo za damu zikitoka wodini, yeye ndiye anayezipokea, anaziingiza kwenye kompyuta, anazibandika lebo na kuzipeleka kwenye mashine ya kupimia. Lilikuwa jitu la kicheko kikubwa, shati limechomekwa upande mmoja, mfuko wa kifua una doa la wino lenye umbo la sikio. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa kwamba kafanya uzembe, huulizi mara ya pili. Unasema tu, aa, yule!

Watu wachache sana walijua saa anayoingia kazini. Zamu yake iliandikwa saa moja asubuhi, lakini mlinzi wa getini alimfungulia kila siku saa kumi na nusu alfajiri. Si kwamba alikuwa na bidii ya kupigiwa makofi. Nyumbani kwake kulikuwa na mabinti watano na bafu moja.

"Ukitaka kuoga kwangu baada ya saa kumi," alikuwa akisema, "uandike barua ya maombi, uambatanishe picha mbili."

Basi aliamka kabla yao, akaoga kwa raha zake, akaja kazini. Na kwa kuwa alikuwa ameshafika, na wodi zilikuwa zinaleta chupa za alfajiri, hakuona sababu ya kuziacha zikae kwenye trei hadi saa moja. Alizipokea. Miaka mingi aliziandika kwa mkono. Wiki tatu zilizopita maabara ikapata mashine mpya ya kupimia, na Bi Daftari akamwekea mapokezi kompyuta na printa ya lebo, yenye programu ileile iliyokuwa ikitumika dirisha la wagonjwa wa nje kwa miaka mitatu bila lawama.

Balaa likaanza hapo. Mashine mpya ilikuwa inasoma lebo kabla ya kupima, na chupa iliyokaa zaidi ya saa kumi na mbili iliikataa kwa mlio kama wa kuku aliyekanyagwa. Kila alfajiri ikawa inazikataa chupa za mpokezi. Ukitazama lebo, saa ni sawa kabisa, lakini tarehe ni ya jana. Wenzake walioingia saa moja na kuendelea, lebo zao hazikuwa na neno. Zake tu. Wagonjwa wakawa wanachomwa sindano mara ya pili. Bibi mmoja wa kitanda cha sita alimwuliza muuguzi, "Kwani mmenifanya kisima?"

Mkuu wa maabara, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, aliona ni jambo moja tu: mpokezi analaza chupa. Anazisahau mahali, anaziokota kesho yake. Kabla ya kumwandikia, akamwuliza Bi Daftari kama programu inaweza kuwa na hitilafu. Bi Daftari akakagua msimbo wake wote, yale maagizo yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari, siku mbili nzima, daftari pembeni. Siku ya Jumatatu akapeleka taarifa ya nusu ukurasa: programu imekaguliwa na kujaribiwa, hitilafu haimo. Akatia sahihi. Aliandika kilichokuwa kweli kwa kadiri alivyoona.

Jumatano baada ya saa saba mchana, mlango wake ukagongwa.

"Hodi kwa mke wa kompyuta."

"Karibu, mwenyekiti wa foleni ya bafu."

Utani ule ulikuwa wa miaka ishirini, na kila mara ulifuatwa na kicheko kilichofika hadi stoo ya mashuka. Safari hii haukufuatwa na kitu. Shemeji akakaa juu ya boksi, akatoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Bi Daftari akaisoma barua iliyokuwamo. Kesho Alhamisi, saa nne asubuhi, mpokezi afike ofisini kwa mkuu kujieleza. Asipokuwa na maelezo ya kuridhisha, ataachishwa kazi mwisho wa mwezi.

"Mdogo wangu anajua?"

"Nimemwambia ni semina." Akapangusa uso kwa kiganja. "Shemeji, nimekuja na swali moja, unijibu kama mtu wa nyumbani. Mtu anaweza kusahau kitu, na asijue kwamba amesahau?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Chupa kumi na nne. Kila siku."

Bi Daftari akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Maana wewe umeandika si programu," shemeji akaendelea, bila hasira hata chembe, "na wewe hujawahi kukosea. Miaka yote hiyo. Basi nimekaa nikasema, kama si kompyuta, ni mimi. Nimeanza kujiogopa, shemeji. Jana nimerudi nyumbani mara mbili kutazama kama nimefunga mlango. Mara zote mbili ulikuwa umefungwa."

Afadhali angemgombeza. Bi Daftari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akagundua ameifuta kwa karatasi ya mahudhurio ya wiki. Mtu amekuja kwake, si kumlaumu, bali kumkabidhi akili zake, kwa sababu yeye aliandika nusu ukurasa.

"Hizo lebo zilizokataliwa zinakwenda wapi?" aliuliza.

"Ninazo." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimezibandua zote, tangu siku ya kwanza, nikazipanga humu. Nilidhani zitanitetea. Kila nikizitazama zinanishtaki."

Bi Daftari aliitandaza. Kwa mtu wa shati lile, lebo zilikuwa zimepangwa kwa unyoofu wa ajabu. Akaanza juu kabisa, na ya kwanza: Jumatatu, tarehe nane, saa 11:10 alfajiri. Akalamba kidole. Akafungua daftari la kumi na tisa, akaitafuta tarehe nane, akasoma alichokiandika. Akasoma tena. Mara ya tatu alisoma kwa kunong'ona.

"Shemeji, hii ya kwanza uliichapa kwa kitu gani?"

"Kwa printa uliyoniletea. Kuna nyingine?"

"Jumatatu ile, saa kumi na moja alfajiri?"

"Mimi nakumbuka ilikuwa Jumanne. Lakini lebo inasema Jumatatu, na mimi ndiye msahaulifu."

"Nimeandika hapa: kompyuta na printa ya mapokezi zimetolewa kwenye boksi Jumatatu, saa nane mchana." Akageuza kiti. "Jumatatu alfajiri printa yako ilikuwa hapa chini ya meza yangu. Niliiwekea miguu hadi saa nane ile."

Shemeji akainama, akachungulia chini ya meza.

"Kwa hiyo," shemeji akasema polepole, "shahidi wangu ni miguu yako."

"Mkuu hatataka ushahidi wa miguu. Atasema saa ya kompyuta haikuwekwa sawa siku ya kwanza. Atataka kujua ni nini hasa." Akavuta kiti mezani. "Usiondoke."

"Niende wapi? Semina ni kesho."

Akafungua kihariri, ile programu ambayo ndani yake aliandika na kusoma msimbo. Mistari ikajaa kwenye kioo, mingine ya bluu, mingine ya kijani. Shemeji akaisogelea kama mtu anayechungulia sufuria ya wenzake.

"Hii yote umeandika wewe?"

"Nyingi. Si yote. Sehemu ya tarehe na saa nimeazima. Kuna watu huko mbali wanaandika msimbo wa kazi moja tu, halafu wanautoa kwa wote, mwenye shida auchukue. Tunauita maktaba."

"Ukaangalia wako, wa kuazima hukuangalia."

Ilisemwa kwa upole, lakini iliingia. "Sikuangalia," alikiri. "Wanautumia watu dunia nzima. Nilisema hao hawawezi kukosea tarehe."

Akaijaribu programu mbele yake: akaingiza chupa ya uongo. Lebo ikatokea kwenye kioo, tarehe ya leo, saa nane na dakika ishirini mchana. Safi. Akajaribu tena. Safi.

"Ndivyo nilivyojaribu wiki iliyopita. Mara arobaini. Nimeziandika zote."

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Ulipojaribu."

"Saa za kazi."

"Saa zako za kazi," shemeji alisema. "Mimi saa hizi niko kwenye usingizi wa kiti."

Mikono ya Bi Daftari ikasimama juu ya vitufe. Mara arobaini, na zote mchana. Akairudisha saa ya jaribio nyuma, akaiambia programu kwamba sasa ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, akabonyeza.

Lebo ikatokea. Saa 11:10 alfajiri. Tarehe ya jana.

Shemeji alipiga paja kwa kiganja, mlio ukasikika hadi stoo. "Huyo! Huyo hapo! Mimi sikulaza chupa!"

"Hukulaza," Bi Daftari alisema. "Kaa chini sasa, tumtafute."

Mwenye kusaka hitilafu huweka alama nyekundu pembeni mwa mstari anaoushuku. Programu ikifika hapo husimama, na mtu anaweza kutazama kila kitu kilivyo wakati huo, halafu akaisogeza mstari mmoja mmoja. Bi Daftari alikwenda moja kwa moja kwenye folda ya maktaba ya kuazima, akafungua faili la saa, akaweka alama yake. Akabonyeza. Programu ikakimbia hadi mwisho bila kusimama, na kile kidoti chekundu kikabaki duara tupu la kijivu.

"Kimezimika," shemeji alisema.

"Imekataa kusimama."

"Hata mimi ningekataa kusimama kwenye mahakama ya wageni."

Akaweka alama ya pili, ya tatu. Zote zikawa kijivu. Basi akaamua kusoma kwa macho. Alisoma mistari mia nne ya watu asiowajua, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchukia, kwa sababu ilikuwa mizuri. Kila jina lilieleweka. Hakukuwa na mahali pa kushika. Shemeji, ambaye hakuelewa hata neno, aliwashutumu kwa niaba yake.

"Watu wa mbali ndivyo walivyo. Wanakupa kitu bure, wanajua wenyewe kwa nini hawakiuzi."

"Nitawaandikia," Bi Daftari alisema kwa meno yaliyofungwa. "Nitawaambia kwamba kuna bibi wa kitanda cha sita anachomwa mara mbili kwa ajili yao."

"Waambie na mimi nimerudi mara mbili kutazama mlango."

Kwa karibu saa nzima waliwasema vibaya watu wale kwa moyo mmoja, na chumba kikawa kama zamani. Kisha Bi Daftari akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa anatazama pembe ya chini ya kihariri, kwenye kisanduku kidogo chenye tiki, ambacho kilikuwa hapo siku zote: Msimbo wangu tu.

"Hiki ndicho kinanipitisha pembeni," alisema. "Kikiwa na tiki, nikifika kwenye mlango wa maktaba kinanirusha, kinanitua upande wa pili. Sioni kilichofanyika ndani."

"Kama mgeni wa sebuleni. Anakula, anashukuru, jikoni hapajui."

"Nikiitoa tiki, nitaingia kwa miguu yangu, na sitachagua mlango. Nitafuata kule programu inakokwenda yenyewe."

Akaitoa tiki. Akaweka alama kwenye mstari wake mwenyewe wa mwisho, pale ambapo programu inaikabidhi maktaba saa na tarehe. Programu ikasimama. Mshale wa njano ukakaa kwenye mstari. Akabonyeza kitufe cha kuingia ndani, na faili likafunguka: lilelile alilolisoma saa nzima, majina yaleyale, unadhifu uleule. Lakini juu kabisa, mahali panapoandikwa faili limetoka wapi, paliandikwa folda nyingine.

"Ziko mbili," alisema. "Maktaba iko mara mbili. Moja imewekwa kwenye kompyuta, ndiyo niliyokuwa nikisoma. Nyingine ni nakala niliyoitia ndani ya programu yenyewe zamani, na hiyo ndiyo inayotumika."

"Kwa hiyo tumewatukana mbele ya nyumba ambayo si yao."

"Subiri."

Alisogeza mshale. Kihariri kilionyesha pembeni kilichomo mkononi mwa programu: leo, saa tano na dakika kumi. Watu wa maktaba wanaanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo tano yao ndiyo kumi na moja yetu. Mstari mmoja. Leo, tano na kumi. Mstari wa pili. Leo, tano na kumi. Alisogeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayempapasa paka asiyemjua. Mstari wa themanini na nane. Tarehe ikaruka: jana, saa ishirini na tatu na dakika kumi.

Akarudisha macho kwenye mstari wenyewe. Ulikuwa mfupi. Ulichukua saa na kuiondolea sita. Mbele yake, kwa rangi ya kijani ya maelezo, paliandikwa:

Toa sita. Saa zetu.

Shemeji alisoma kwa sauti. Akasoma tena. "Hawa wamejua Kiswahili lini?"

Bi Daftari aliurudia mstari ule kwa macho. Watu wa mbali hawaandiki hivyo. Na katika watu wa karibu anaowajua yeye, anayeweka nukta hata baada ya maneno mawili, ni mmoja tu. Akabonyeza kuona faili lilibadilishwa lini. Miaka mitatu na miezi miwili iliyopita. Tarehe ile aliijua kabla hajamaliza kuisoma, lakini alisimama, akatoa rafuni daftari la kumi na mbili, akalamba kidole, akalifungua. Juu ya ukurasa kulikuwa na tarehe. Chini yake maneno machache, mwandiko umeinama:

Mjukuu. Kike. Kilo tatu na nusu.

Hakuna namba. Hakuna badiliko. Hakuna sababu.

"Siku ile," alisema akiwa bado amesimama, "wauguzi wa dirishani walikuwa wananisumbua. Lebo zinasema saa mbili wakati ni saa nane, wagonjwa wanachanganyikiwa. Nilitaka kuifanya vizuri, kwenye msimbo wangu. Lakini kwanza nikajaribu tu, nione, nikaingia kwenye maktaba nikatia mstari mmoja. Wa kujaribia. Simu ikalia, binti yangu yuko wodi ya wazazi. Nilishuka ngazi na kiatu kimoja."

"Nakumbuka kiatu. Mimi ndiye niliyekiokota."

"Niliporudi baada ya wiki, saa zilikuwa sahihi, kila mtu ananisifu. Nikaamini kwamba nilimaliza."

Mchana, kutoa sita hakudhuru kitu. Siku inabaki ileile. Lakini saa tano ya alfajiri ukiitoa sita, haina pa kwenda isipokuwa ishirini na tatu ya jana, ambayo kwenye lebo huandikwa kumi na moja alfajiri. Dirisha la wagonjwa wa nje halikuwahi kufunguliwa kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa miaka mitatu ule mstari ulikuwa umekaa pale kimya, ukingoja mtu mmoja katika hospitali nzima anayewahi kazini.

Aliketi. Boksi lilikuwa limehamishwa, miguu yake ikaning'inia. Alipoisoma barua ya shemeji yake aliogopa kwa ajili ya shemeji. Sasa aliona na la kwake. Nusu ukurasa wenye sahihi yake, ofisini kwa mkuu. Madaftari kumi na tisa. Jina.

Shemeji alimtazama. Kisha akasogea, akashusha sauti, ingawa hakukuwa na mtu karibu ila mashuka.

"Sikiliza. Futa huo mstari. Kesho useme ni wale wa mbali. Nani atawauliza? Wao wenyewe hawatajua. Mimi napona, wewe unapona, bibi anapumzika."

"Wale hawana kosa."

"Ni watu wa mbali, shemeji!"

"Nimewatukana saa nzima, na wao walifanya kazi safi. Halafu wewe," akasema, na hapa ikambidi kuvua tena miwani, "umeanza kurudi nyumbani kutazama mlango. Nikisema ni wao, wewe utabaki kuniona mimi ni mtu asiyekosea. Siku nyingine nikiandika nusu ukurasa, utajishuku tena. Sitaki."

Shemeji akacheka, kidogo kwanza, kisha kile kicheko chenyewe. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naogopa daftari ambalo lina tundu!"

"Moja."

"Moja tuliloliona!"

"Toka humu."

Alhamisi saa nne waliingia wote wawili. Mkuu wa maabara alikuwa amemwita mmoja, akainua nyusi. Bi Daftari alitandaza karatasi ya lebo, akafungua daftari la kumi na tisa, kisha la kumi na mbili, na akaeleza bila kujipamba. Mwisho akasema, "Taarifa yangu ya Jumatatu haikuwa sahihi. Naomba niiondoe. Chupa hazikulala. Aliyeziandikia jana ni mimi."

Mkuu aliuvuta ukurasa wa daftari la kumi na mbili karibu na macho.

"Kilo tatu na nusu," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Sasa ana miaka mitatu."

"Na miezi miwili. Anajua kuhesabu hadi kumi, lakini saba anairuka."

Mkuu akamgeukia mpokezi. "Wewe unaingia kazini saa kumi na nusu?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu binti wa tatu alipoanza kujitazama kwenye kioo."

"Na kwa nini hukusema? Ungesema tu: mimi saa hizo nipo, naziona zikija kwa macho yangu."

Shemeji alikuna doa la wino. "Mkuu, ningeanzia wapi? Kwamba mfanyakazi wako anawahi kwa ajili ya bafu? Nilijua mngecheka, na mngekuwa na haki."

Mkuu hakucheka, lakini kona moja ya mdomo wake ilifanya kitu. Aliichukua nakala ya barua, akapiga mstari wa pembe hadi pembe, akaandika "Imefutwa" na tarehe. Kisha akamsukumia Bi Daftari ile taarifa ya Jumatatu. "Hii ifute mwenyewe. Na bibi wa kitanda cha sita aombwe radhi. Si na mimi."

Bibi aliombwa radhi mchana uleule. Aliwasikiliza wote wawili akiwa amefumba macho, kisha akamwambia Bi Daftari, "Kwa hiyo ni wewe. Nilidhani ni mwanamume."

Mchana kutwa Bi Daftari aliufanya upya ule mstari, safari hii mahali pake. Nakala ya maktaba iliyokuwa ndani ya programu aliiondoa, akatumia ile safi ya wenyewe. Kutoa sita akakuhamishia kwenye msimbo wake, mwishoni kabisa, tarehe ikiwa imeshashikwa na haiwezi tena kuyumba. Akajaribu kwa saa zote ishirini na nne, moja baada ya nyingine, akaandika ishirini na nne. Lakini jaribio la kwenye kioo halikumtosha.

Ijumaa mlinzi wa getini alimfungulia mpokezi saa kumi na nusu kama kawaida, na nyuma yake akamwona Bi Daftari amejifunika khanga, daftari kwapani.

"Mama, leo kuna nini?"

"Semina," shemeji alijibu.

Bi Daftari alikuwa hajawahi kukiona chumba cha mapokezi saa hizo. Taa moja tu ilikuwa inawaka, ile ya juu ya meza. Shemeji alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akapangusa trei, akapangusa meza, akachomeka shati pande zote mbili, jambo ambalo Bi Daftari hakujua kwamba linawezekana. Chupa zilipoletwa kutoka wodini alizipokea moja moja, akageuza kila moja polepole, akasoma namba ya kitanda kwa sauti ya chini kama mtu anayewaita watoto waliolala. "Kitanda cha nne. Shikamoo. Kitanda cha tano. Kitanda cha sita, bibi yangu, leo ni mara moja tu, nimekuahidi."

Akaiingiza ya kitanda cha sita kwanza. Printa ikanguruma, ikatoa ulimi wa karatasi. Hakuibandua.

"Soma wewe."

Bi Daftari akavaa miwani. "Ijumaa. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri."

"Ijumaa ya lini?"

"Ya leo, shemeji."

"Tena."

"Ya leo!"

Akaibandika, akaipeleka chupa kwenye mashine. Taa nyekundu ikapita juu ya lebo. Kuku hakulia. Mashine ikaimeza chupa, ikaanza kazi yake kwa mvumo mdogo.

Shemeji alirudi mezani bila haraka, akachapa lebo ya pili ya chupa ileile, akanyoosha mkono. Bi Daftari akampa daftari la kumi na mbili, kwa sababu alielewa anachotaka. Akalifungua kwenye ukurasa ule, akaibandika lebo chini ya kilo tatu na nusu, akaipitishia kidole gumba ilale vizuri. Ilikaa upande kidogo.

"Imepinda," Bi Daftari alisema.

"Iache," alisema shemeji, akachukua chupa ya kitanda cha nne.

Akaiacha. Akavuta kiti, akatoa kalamu, na pembeni ya lebo akaandika namba ya badiliko, tarehe, na sababu.